Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Kwa heshima kubwa tunakukaribisha katika maonyesho yetu. Mwaka huu tulishika kazi moja tu: kupima kama mimea inayosifiwa kuwa dawa huzuia kweli bakteria wasikue.

Watafiti walikadiria kuwa mwaka 2019 usugu wa bakteria dhidi ya dawa ulisababisha moja kwa moja vifo milioni 1.27 duniani. Dawa mpya zinahitajika, nayo mimea hujitengenezea kemikali nyingi za kujikinga na vimelea.

Tulipaka bakteria wasio na madhara juu ya agari, yaani jeli ya kukuzia bakteria iliyomo kwenye sahani za maabara, tukaweka vidoti vya karatasi vya milimita 6 vilivyolowekwa dondoo la mmea, yaani kemikali zake zilizotolewa kwa ethanoli (aina ya spiriti), tukafunga sahani na kuzilaza kwenye joto. Dondoo likiwa na nguvu, asubuhi kidoti huzungukwa na duara safi lisiloota kitu.

Mheshimiwa, kitunguu saumu kilitusumbua. Punje zilizochemshwa nzima hazikutoa duara hata kidogo. Zilizopondwa mbichi zilitoa duara pana. Tulidhani tumekosea, tukarudia mara tatu. Kumbe alisini, kemikali inayofanya kazi hiyo, haimo katika punje nzima. Huundwa punje inapopondwa, kimeng'enya kinapokutana na aliini, kemikali nyingine iliyomo kwenye punje, na moto huharibu kimeng'enya hicho. Tangu hapo hatuandiki kuwa mmea "umeshindwa" kabla ya kuuandaa kwa njia zaidi ya moja.

Kila sahani iliwekwa pia kidoti cha ethanoli tupu. Kisingekuwepo, tungeweza kuusifu mmea kwa kazi ya ethanoli. Wala hatumshauri mtu yeyote ajitibu kwa matokeo yetu, maana kinachoua bakteria kwenye sahani chaweza kudhuru hata seli za binadamu.

Changamoto zetu ni mbili. Hatuna otoklevu, yaani chombo cha kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke wa moto wenye presha; vifaa tunavisafisha kwa sufuria ya presha ya kuazima, na sahani kadhaa zimeota ukungu. Pili, majani mengine tuliletewa kwa jina la kienyeji tu, na jina moja huweza kubeba mimea miwili tofauti. Sahani hizo tumeziondoa kwenye matokeo, ingawa mbili zilikuwa na maduara mazuri.

Tunakuomba utusaidie kupata otoklevu ndogo, na utuunganishe na mtaalamu wa utambuzi wa mimea, walau mara moja kwa muhula.

Tunaomba kuwasilisha.

Wanaklabu ya Sayansi