Barua ya Wazi kwa Waziri wa Mifugo: Kifaranga Apimwe Damu Kabla ya Kupangiwa Chanjo

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili linawahusu wafugaji wengi kuliko wanaoweza kufika ofisini kwako. Ratiba ya chanjo ya Gumboro, ugonjwa wa virusi unaoshambulia kinga ya kuku wachanga, tunayowapa imepangwa kana kwamba vifaranga wote wamezaliwa na mama mmoja.

Mimi ni mtafiti wa magonjwa ya kuku yanayoletwa na virusi. Mara nyingi mfugaji huja maabara na mzoga wa kifaranga wa wiki nne, mkononi ana kadi ya chanjo iliyojazwa vizuri. Ukimpasua, unakuta misuli ya mapaja ina michirizi ya damu, na bursa, ile tezi ndogo iliyo juu ya njia ya haja, imevimba na kufunikwa na ute wa manjano. "Daktari, si nilichanja?" Alichanja kweli. Kasoro huwa kwenye siku aliyochanja.

Kifaranga huanguliwa na kingamwili, yaani protini za kupambana na magonjwa, alizorithi kwa mama kupitia kiini cha yai. Humlinda siku za mwanzo, lakini hizo hizo huidaka chanjo hai, ile yenye virusi hai vilivyodhoofishwa, na kuizima kabla haijafanya kazi. Kwa kuku wa nyama hupungua kwa nusu takriban kila siku 3 hadi 3.5, kwa vifaranga wa mayai ni kama siku 5.5. Ukiwahi kuchanja, chanjo imepotea bure. Ukichelewa, virusi vya bandani vinakutangulia, navyo ni sugu, huweza kukaa bandani kwa miezi baada ya kuku kuondolewa. Katikati hapo pana siku chache tu, na hazifanani kati ya kundi na kundi, kwani inategemea kuku wazazi walichanjwa lini na kwa chanjo ipi. Vifaranga wa makundi mawili ya wazazi wakichanganywa kwenye boksi moja, wapo watakaokuwa tayari leo na wapo watakaokuwa tayari wiki ijayo.

Namna ya kuijua siku hiyo ipo. Unachukua damu ya vifaranga kama 20 wa siku chache, unapima kingamwili kwa kipimo cha ELISA, kisha unapiga hesabu kwa kanuni ya Deventer iliyotoka Uholanzi, ukizingatia aina ya kuku na nguvu ya chanjo uliyonayo. Chanjo kali hupenya kingamwili nyingi kuliko chanjo laini, ingawa nayo ikitumiwa ovyo huweza kuijeruhi bursa.

Naisisitiza bursa kwa sababu hasara yake haionekani kwa macho. Mwaka 1956 Bruce Glick na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba kuku waliotolewa bursa wakiwa wachanga hushindwa kutengeneza kingamwili. Ugunduzi huo ulisaidia hata kuelewa kinga ya mwili wa binadamu. Virusi vya Gumboro huziua seli zinazokomaa ndani ya tezi hiyo. Kifaranga akiambukizwa kabla ya wiki 3 anaweza asionyeshe dalili yoyote, akakua na kinga mbovu. Baadaye unampa chanjo ya kideri, haimshiki, na mfugaji anailaumu chanjo ya kideri.

Mheshimiwa, majaribio mengi ya chanjo hufanywa kwa vifaranga wasio na kingamwili za mama, waliofugwa kwenye vyumba vilivyotengwa. Yanahitajika ili chanjo isajiliwe, na siyapingi. Lakini hayamwambii mfugaji achanje lini. Utafiti wa kufuata vifaranga wa kawaida tangu kuanguliwa hadi wiki ya sita, katika mabanda ya kawaida, damu ikichukuliwa kila wiki, huchosha na hauna mvuto kwa wafadhili. Ukikamilika, tasnifu ya mwanafunzi inaishia kabatini.

Naomba wizara yako itenge fedha kwa utafiti wa aina hiyo, na matokeo yake, hata yanayoonyesha chanjo imeshindwa, yawe wazi kwa maafisa ugani na wafugaji. Naomba pia kila kituo cha kutotolesha kilazimike kumpa mnunuzi karatasi inayoonyesha historia ya chanjo ya kuku wazazi na kiwango cha kingamwili kilichopimwa kwa vifaranga wao. Taarifa hiyo wenye vituo wakubwa wanaweza kuipata. Aliyenunua vifaranga ndiye asiyeipata.

Na virusi vinavyokusanywa kwenye milipuko vichunguzwe kijenetiki mara kwa mara. Miaka ya 1980 Marekani ilipata aina za Gumboro zilizowapata hata kuku waliochanjwa, na Ulaya ikapata aina kali zaidi zilizoua kuku wengi. Chanjo iliyofaa mwaka ule haina hati ya kufaa milele.

Niko tayari kuwaeleza wataalamu wako jinsi ya kuanza na vituo vichache vya kutotolesha, na maabara za vyuo vikuu zenye mashine ya ELISA zinaweza kupokea sampuli tangu msimu huu.

Wako mtiifu,
Mtafiti wa magonjwa ya kuku