Kwa Mama Furaha, kuhusu deni lililokwisha lipwa

Goma

Dada yangu mpendwa Mama Furaha,

Nimeipokea barua yako kutoka kwa yule kijana aliyevuka na boti kutoka Bukavu, nami nimeisoma mara tatu kabla ya kuthubutu kushika kalamu. Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Habari nyingine za nyumbani zitangoja kidogo, maana hili uliloniandikia ni zito.

Unaniambia kwamba wamama wa shirika lenu wamekuomba uwatunzie fedha za likelemba, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, kwa kuwa tangu benki zilipofunga milango huku kwetu na huko kwenu mwanzoni mwa mwaka 2025 wengi wao hawana mahali pengine pa kuweka akiba, nawe umewajibu kwamba afya yako hairuhusu. Tena unaniambia kwamba huu ni mwaka wa pili husogei mbele kupokea komunyo. Na sababu ya yote mawili ni ile ile ya mwaka 2014: dola 600 za likelemba yetu, zilizokuwa zamu yangu, ambazo ulizichukua ukazitia katika biashara ya vitenge ukitumaini kuzirudisha kabla ya mwezi kwisha, na vitenge vikapotea na fedha zikapotea.

Umeandika pia kwamba tangu Floribert Bwana Chui alipotangazwa Mwenye Heri kule Roma, tarehe 15 Juni 2025, huwezi kuitazama picha yake bila kuinamisha macho. Naelewa. Ni mtoto wa mji huu, aliyezaliwa hapa Goma mwaka 1981, na kati yetu wako waliomwona akikaa na maibobo, watoto wa mitaani, pamoja na wenzake wa Jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio, akiwafundisha na kuwalisha. Kazini kwake mpakani, alipoahidiwa fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie nchini alikataa, wakamteka, wakamuua mwezi wa Julai 2007 akiwa na umri wa miaka 26. Wewe unajiweka kando yake na kusema: yeye alizikataa fedha za watu waovu, mimi nilikula fedha za wenzangu. Lakini yeye alikataa kwa ajili ya watu wadogo ambao wangekinunua chakula kile sokoni wakaugua, wala hakukataa ili maisha yake yawe fimbo ya kuwachapia walioanguka. Na Kanisa hili hili linalomheshimu yeye ambaye hakukubali linamheshimu pia Petro, ambaye alimkana Bwana wake mara tatu, mara ya kwanza kwa kumwogopa mjakazi wa mlangoni.

Juu ya Petro nataka nikae kidogo, kwa sababu ni yeye aliyenisaidia mimi mwenyewe. Katika Injili ya Yohana moto wa makaa unatajwa mara mbili tu. Mara ya kwanza ni katika sura ya 18, usiku wa baridi, watumishi wakiota moto na Petro akiwa amesimama kati yao, akisema kwamba yeye si mwanafunzi wa mtu yule. Mara ya pili ni katika sura ya 21, asubuhi ufukoni mwa ziwa, wanafunzi wanaposhuka kutoka mashuani na kukuta moto wa makaa umekwisha washwa, na samaki juu yake, na mkate. Wewe na mimi tumepikia makaa tangu tukiwa wasichana, na tunajua jinsi harufu yake inavyoweza kukurudisha ghafla katika jiko la mama yako na katika siku uliyochapwa. Sidhani kwamba Petro aliinusa harufu ile asubuhi ile bila moyo wake kushtuka. Yesu hakuuzima moto ule, wala hakujifanya kwamba hakumbuki. Alimlisha kwanza. Baada ya kula ndipo alipomwuliza kama anampenda, mara tatu, kwa hesabu ile ile ya kukana kwake, na kila alipojibu akakabidhiwa kondoo. Angalia vizuri, dada yangu: yule aliyeshindwa kumkiri mtu mmoja mbele ya mjakazi ndiye aliyepewa kundi zima alichunge.

Yuda naye alijuta, na hili watu hulipita haraka. Mathayo anasema kwamba alivirudisha vipande vyote 30 vya fedha na kusema wazi kuwa amekosa. Lakini alivipeleka kwa makuhani ambao hawakuwa na huruma naye hata kidogo, wakamjibu, «Basi, haya yatupasani sisi? Yaangalie haya wewe mwenyewe.» Naogopa kwamba hata wewe, ambaye ulilipa mpaka senti ya mwisho, bado unayapeleka makosa yako kila siku kwa kuhani wa namna hiyo, aliyemo ndani ya kichwa chako, naye anakujibu vile vile.

Sasa nifike mahali ambapo kuandika ni kugumu kwangu. Ulipomaliza kulipa mwaka 2017, tulikwenda pamoja kwa padri, nikasema mbele yake kwamba nimekusamehe na kwamba hakuna deni tena kati yetu. Nilisema hivyo, na siku ile niliamini kwamba nimesema kweli. Lakini baadaye niliisimulia habari ile. Nilimsimulia dada yangu mdogo, kisha jirani mpya ambaye hakuwa na haja yoyote ya kuijua, na kila mara nilianza kwa kusema kwamba nimekwisha msamehe, halafu nikaimimina yote, pamoja na jinsi Neema alivyofukuzwa shuleni muhula mzima kwa kukosa minervali, ile ada ya shule. Nilikuwa nimekifuta kilichoandikwa kitabuni na kukiandika upya mdomoni. Maneno hayo hayakukosa miguu. Nahisi yalikufikia hata huko Bukavu, na kama yalikufikia, sehemu ya mzigo unaoubeba leo nimeuweka mimi juu yako.

Aliyenifunga mdomo ni Neema mwenyewe. Mwaka jana, tukichagua mchele, nilianza tena kumkumbusha muhula ule, naye akaniacha niseme mpaka mwisho, kisha akaniambia kwa upole, «Mama, mimi muhula ule siukumbuki sana. Ninachokumbuka ni Mama Furaha akija kila Jumamosi na harufu ya samaki wa sambaza mikononi, akihesabu noti mezani, halafu akikataa kukaa.» Miaka mitatu ulikuja. Uliuza sambaza katika soko la Virunga, kwenye jua na kwenye mvua, ukaleta mara dola nne, mara dola tano, mara dola mbili, na mtoto akakuona, akajifunza kutoka kwako namna mtu anavyorudisha alichokichukua. Mimi niliyekuwa nikizipokea noti zile sikukuona. Nilikwenda kuungama jambo hilo, lakini kwa padri hakutoshi, kwa sababu ni wewe niliyekukosea. Nakuomba unisamehe, dada yangu.

Kuhusu kitubio, utaniwia radhi nikikuambia kwa ukali kidogo. Umeandika kwamba umeiungama dhambi ile mara tano, kwa mapadri watano tofauti. Mara ya kwanza ilikuwa toba. Mara nne zilizofuata, naona, ulikuwa unatafuta padri atakayekubali kukuhukumu, na hukumpata. Wewe umekulia kando ya ziwa hili, unajua kwamba katika vilindi vya Kivu imefungwa gesi nyingi, na kwamba wataalamu wanaichunguza daima kwa hofu isije ikapanda juu siku moja. Mika anaposema kwamba Mungu atazitupa dhambi zetu zote katika vilindi vya bahari, hasemi habari za vilindi kama hivi vyetu, vyenye kitu kinachongoja kupanda. Alichokitupa Yeye hakipandi. Kinachopanda kila usiku na kukunyima usingizi ni aibu, nayo inapata nguvu kwa sababu umeificha kwa wenzako na kuiita ugonjwa.

Kwa hiyo sikushauri ukubali ile kazi kesho asubuhi. Nakushauri uende kwa wale wamama, uwaambie ukweli mzima kwa kinywa chako: ulichokichukua, ulivyokirudisha, na muda uliokuchukua. Kisha waache waamue wenyewe. Wakisema hapana, hiyo ni haki yao, nawe utarudi nyumbani bila kitu cha kuficha. Wakisema ndiyo, waombe wamama wawili wahesabu pamoja nawe kila mkutano, si kwa sababu hawakuamini, bali kwa sababu hata sisi zamani tungefanya hivyo tungekusaidia. Tulikuachia fedha za watu 12 peke yako, wakati mume wako alikuwa mgonjwa na sote tulijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuuliza unaishije. Hilo silisemi ili nikuondolee kosa lako, kwa maana wewe mwenyewe hukulikana hata siku moja. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Habari za nyumbani nilizokuahidi ni moja tu. Neema anaolewa. Familia ya kijana imekwisha kuja kujitambulisha, ni watu wa ibada na wa maneno machache, na harusi tutaifanya baada ya Pasaka, Mungu akipenda. Michango imeanza kuingia. Kamati ilipokaa Jumapili iliyopita kumtafuta mtu wa kuishika, Neema alilitaja jina lako kabla yangu, nami nikawasimulia wote habari yako, lakini safari hii nilianzia kwenye Jumamosi zile. Hakuna aliyepinga. Njoo na boti mara tu uwezapo, majuma mawili kabla, na ulale kwetu. Kitabu nimekwisha nunua, kipya, na ukurasa wa kwanza nimekuachia wewe.

Dada yako,
Mama Neema