Wanaotoka wodi za akili wapewe pa kuishi mitaani

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mjane, napangisha vyumba hapa Kihonda, Morogoro. Mmoja wa wapangaji wangu ni kijana aliyekuwa seremala kabla hajaugua akili. Aliporuhusiwa hospitali, kaka zake kila mmoja alisema kwake hapana nafasi. Dada yake, muuza mboga, ndiye aliyekuja kuniomba chumba. Alinieleza ukweli wote kabla hatujagusia kodi, na kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Nilimpa chumba cha uani, alipe mwezi kwa mwezi. Wenye nyumba wengi tunadai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtu aliyetoka wodini juzi, hana kazi, ataitoa wapi?

Watu hudhani shida ni kumvumilia. Si kweli. Ni mtulivu, anachangia luku ya umeme, anafagia uwanja bila kuambiwa. Shida ni mambo ya kila siku yasiyo na mwenyewe. Dawa anazomeza usiku humlaza hadi jua limepanda, kwa hiyo siku ya kibarua lazima mtu amgongee mlango. Akikosa chakula huogopa kumeza dawa, nazo zikirukwa hali hurudi nyuma. Akianza kukesha akizunguka uani, mimi na dada yake tunajua kuna kitu. Tukiwahi kliniki anatulia, tukichelewa analazwa tena. Daktari hawezi kuuona usiku ule. Anauona anayelala naye nyumba moja.

Majirani walimfuata mwenyekiti wa mtaa wakitaka nimwondoe kwa kuwa eti ni "mtu wa Mirembe", yaani wa ile hospitali ya akili ya Dodoma. Namshukuru mwenyekiti. Alikuja, akakaa akazungumza na kijana mwenyewe, kisha akawajibu kwamba mpangaji anayelipa na asiyemdhuru mtu hana sababu ya kuhamishwa.

Ndugu Mhariri, siombi hospitali nyingine. Kule hospitali ya akili ya Lutindi, Korogwe, tangu enzi za Wajerumani wagonjwa wamekuwa wakitibiwa huku wakifanya kazi za mikono na za shamba. Baada ya uhuru serikali nayo ilianzisha vijiji ambako wagonjwa wa akili waliishi na kulima. Yalikuwa mawazo mema. Lakini wengi wanaotoka wodini leo ni watoto wa mjini, na seremala wangu hahitaji jembe. Anahitaji randa, mbao na wateja.

Ninachoomba ni nyumba za kawaida ndani ya mitaa yetu, za watu wanne au watano. Kila nyumba iwe na mlezi anayelipwa, anayejua nani kala na nani hajalala. Muuguzi wa kituo cha afya apite kila wiki. Na mtu akilazwa tena, chumba chake kimngoje. Hili nalisisitiza, maana wengi hupona wakakuta godoro lao limeshatupwa nje.

Kuhusu mtaji, halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, na asilimia 2 kati ya hizo ni ya watu wenye ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haikuishia kwenye ulemavu wa viungo. Inagusa na akili. Basi maofisa maendeleo ya jamii watangaze wazi, kwenye mikutano ya mitaa, kwamba na hawa wanaruhusiwa kuomba.

Kwa wenye nyumba wenzangu: pokeeni kodi ya mwezi mmoja mmoja kwa watu hawa. Kwa halmashauri yetu: leteni muuguzi na mlezi. Nina vyumba viwili vingine uani, na nitawapangisha wanaotoka wodini kwa kodi ileile anayolipa kijana huyu.

Mama mwenye nyumba,
Kihonda, Morogoro