Unaomba Oxford au Cambridge? Anza na somo lako

Kila mwaka ukiingia mwezi wa tisa, ofisi yetu hapa Dar es Salaam, tunakowaandaa waombaji wa vyuo vya Uingereza, hujaa bahasha za khaki. Ndani yake mna vyeti vya ukiranja, vya mdahalo, vya kwaya, na picha za kukabidhiwa kombe. Mzazi anavipanga mezani kimoja kimoja, na ana haki ya kuvionea fahari. Kisha anauliza: "Kwa vyote hivi, kweli watamkataa?"

Swali hilo ndilo limenifanya niandike. Vyuo vikuu vya Uingereza, hasa vile vinavyogombewa na dunia nzima, havichagui kama vya Marekani. Marekani watataka kumjua mtoto na maisha yake: uongozi, michezo, magumu aliyopitia. Uingereza anaomba kozi tangu siku ya kwanza, na kule Oxford na Cambridge wanaomsaili ni walimu wa somo hilo hilo, ambao wengine watakaa naye wiki hadi wiki akishaingia. Wanatafuta mtu atakayefurahia kufundishwa somo lao. Cheti cha ukiranja kinabaki kuwa jambo jema, ila hapo hakina uzito mkubwa.

Maombi ya shahada ya kwanza yanapita mlango mmoja, mfumo wa intaneti uitwao UCAS. Unachagua kozi zisizozidi tano, na kati ya hizo za udaktari zisizidi nne. Oxford na Cambridge huwezi kuziomba zote mbili mwaka mmoja. Maelezo yako binafsi ni yale yale kwa vyuo vyote, kwa hiyo ukiomba sheria huku na uchumi kule, yatakuumbua. Kwa wanaoanza chuo kuanzia 2026 maelezo hayo yamekuwa maswali matatu: kwa nini unataka kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini cha kukuandaa. Yote matatu yanagawana herufi 4,000, pamoja na nafasi kati ya maneno.

Alikuja binti wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) aliyetaka uhandisi. Rasimu yake, ukiileta Kiswahili, ilianza hivi: "Tangu nikiwa mtoto mdogo nimekuwa na ndoto ya kuwa injinia na kuisaidia jamii yangu." Nilimuuliza ni lini mara ya mwisho jambo la fizikia lilimkosesha raha nje ya mtihani. Akafikiri, akasema, "Pampu ya nyumbani, dada." Kwao Kigamboni walichimba kisima, baba yake akanunua pampu ya kukaa juu, ikanguruma mchana kutwa bila kutoa tone. Fundi akaja na kamba iliyofungwa jiwe, akapima: maji yalikuwa mita 14 chini. Akasema hii haivuti, leteni ya kuzamisha. Binti hakutosheka na "haivuti". Alikaa na kitabu mpaka akaelewa kwamba pampu ya juu inapunguza tu hewa ndani ya bomba. Kinachoyapandisha maji ni uzito wa hewa iliyo nje, nao hauwezi kuyafikisha zaidi ya mita 10 hivi, hata ukinunua mota kubwa kiasi gani. Wakati ananieleza alikuwa ameinamia meza, anachora bomba nyuma ya bahasha yake ya vyeti. Sentensi ya ndoto tukaifuta, tukaanzia kisimani.

Usaili nao uko hivyo hivyo. Oxford huufanya Desemba, na waombaji walio mbali husailiwa kwa video. Wanakupa swali ambalo hujawahi kuliona, wanataka wakusikie ukifikiri kwa sauti, na wakikupa dokezo waone unalifanyia nini. Hapa vijana wetu wengi hukwama, na si kwa kukosa akili. Tumewalea wasimbishie mwalimu, kwa hiyo wakipingwa kidogo wananyamaza. Kwenye mazoezi mimi hukosea makusudi nione kama kijana atanirekebisha. Akifika mahali pa kusema "Samahani mwalimu, hapo sikubaliani," na akatoa sababu, najua ameiva.

Barua ya mwalimu ya kumpendekeza mwanafunzi huharibu maombi mengi mazuri. Mwalimu anaandika kwa upendo kwamba mwanafunzi ni mtiifu na mwadilifu, wakati chuo kinataka kujua anavyofanya katika somo na anategemewa kupata alama gani kwenye mtihani ambao hajaufanya bado. Mfuate mwalimu wako mapema, umweleze, ikibidi umletee mwongozo wa UCAS wenyewe. Kozi nyingine zina mtihani wa ziada, kama LNAT kwa sheria katika baadhi ya vyuo na UCAT kwa udaktari, nayo unajisajili mwenyewe, kwa tarehe zake.

Kuhusu tarehe: Oxford, Cambridge na karibu kozi zote za udaktari hufunga Oktoba 15 saa 12 jioni ya Uingereza, yaani saa 2 usiku kwetu. Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita mwezi wa tano, miezi ya kujiandaa inaliwa na JKT (Jeshi la Kujenga Taifa), na kambini si mahali pa kuandika maelezo ya maombi. Anza kusoma vitabu vya somo lako ukiwa Kidato cha Tano. Na ndugu zetu wa Kenya, KCSE peke yake haitoshi kuingia Oxford wala Cambridge; itabidi A-Level, IB (diploma ya kimataifa ya sekondari) au njia nyingine ambayo chuo kinaitambua. Angalieni hilo kabla ya kulipa chochote.

Fedha nazisema wazi siku ya kwanza, maana nimeona familia zikiumia. Ada ya mwanafunzi wa nje Oxford inazidi pauni 35,000 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 100, na msaada kwa shahada ya kwanza ni mchache mno. Ufadhili wa Reach Oxford upo kwa wanaotoka nchi za kipato cha chini, lakini nafasi zinahesabika. Nafasi za ufadhili za Chevening na Gates Cambridge, ambazo wazazi huzitaja sana, ni za wenye shahada tayari. Viza nayo ina mtego wake: fedha za kujikimu lazima zikae benki siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango kinachotakiwa hata siku moja, katika akaunti ya mwanafunzi mwenyewe au ya mzazi wake. Ya mjomba au baba mdogo haihesabiki, hata kama ndiye aliyekusomesha tangu chekechea, isipokuwa awe mlezi wako kisheria. Mtu akitoa kidogo wiki ya tatu kwa ajili ya mchango wa msiba, zikashuka chini ya hapo, hesabu inaanza upya.

Ukiambiwa na mtu kwamba ana "nafasi" Cambridge, ondoka. Vyuo vingi vya Uingereza huwalipa mawakala kwa kila mwanafunzi wanayempeleka. Oxford na Cambridge hawafanyi hivyo, na nafasi zao haziuzwi na mtu yeyote. Ada ya UCAS yenyewe, kwa wanaoanza chuo 2026, haikufika pauni 30. Sisi tunalipwa na familia kwa kazi ya kusoma rasimu, kuendesha mazoezi ya usaili na kusimamia kalenda. Kumwandikia mtu maelezo yake hatufanyi. UCAS ina programu inayoyalinganisha na ya waombaji wengine, na hata isingekuwepo, usaili ungemfichua.

Siku ya kwanza njoo na matokeo ya Kidato cha Nne, ripoti za shule, na kitu kimoja cha somo lako kilichokunyima usingizi: kitabu, hesabu, mashine iliyogoma, kesi uliyoisoma gazetini. Rasimu usije nayo bado.