Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua: Kamati Tendaji ilikaa mara 4, matoleo 2 ya jarida yalitoka, semina 3 zilifanyika. Ya nne iliahirishwa; tulifika watu 6, pamoja na mhudumu wa chai.

Niingie kwenye lililowakera wengi, yaani uamuzi wa Machi kwamba jarida letu halichapishi makala bila data zake kuwekwa wazi, au mwandishi aeleze kwa maandishi kinachozuia. Kwenye kundi la WhatsApp nikaambiwa nawagawia Wazungu jasho la watafiti wetu. Pendekezo nililileta mimi, sikatai, lakini lilipitishwa kikaoni na muhtasari upo.

PLOS, wachapishaji wa majarida ya sayansi, wanalidai hili tangu 2014. Mwaka 2020 Lancet, jarida kubwa la tiba la Uingereza, lilichapisha utafiti wa haidroksiklorokwini (dawa ya malaria iliyokuwa ikijaribiwa kwa UVIKO-19) uliodai kuhusisha wagonjwa 96,000. Wahakiki huru walipotaka data zote, kampuni ya Surgisphere, iliyodai kuzikusanya, iligoma kuzitoa, na kabla ya wiki 2 kwisha waandishi 3 kati ya 4 wakaiondoa makala. WHO ilikuwa imeshasitisha kwa muda jaribio lake la dawa hiyo. Hao ni Lancet. Sisi wenye mhariri mmoja wa kujitolea tungepona?

Mnaosema siri za wagonjwa zitavuja hamjausoma mwongozo wetu wa kuweka data wazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatubana sote, ndiyo maana mwongozo (niliouandika mwenyewe, usiku) unataka majina, simu na hata vijiji viondolewe kwanza. Anayehofia kuporwa anaruhusiwa kuzifungia data miezi 12. Zenodo, hifadhi ya data ya mtandaoni, hailipishi, na inampa mwandishi namba ya DOI (utambulisho wa kudumu wa data zake) ili anayezitumia amtaje. Kati ya makala 11 tulizopokea tangu hapo, 4 zilikuja na data. Moja ilikuwa picha ya jedwali iliyopigwa kwa simu.

Fedha: wanachama 138, waliolipa ada 47, salio Sh 1,215,000, deni la mchapaji Sh 900,000. Waliosaini barua ya kunipinga ni 9. Mweka hazina anasema kati yao waliolipa ada ni 2.

Mwakani, Mungu akipenda, tutaandaa mafunzo ya kusafisha data, na pengine tuwe na hifadhi yetu wenyewe akipatikana mfadhili. Wenye marekebisho ya mwongozo wayalete kwa maandishi, pamoja na stakabadhi ya ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti