Shabu haipimwi kwa macho

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kukuandikia, lakini ile habari ya maji ya bomba kutoka na tope baada ya mvua imenishinda. Eti tatizo limekwisha kwa sababu dozi ya shabu, ile dawa inayokusanya tope ili litue, imeongezwa maradufu. Limekwisha kwa nani?

Nimefanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha maji mpaka nikastaafu. Usiku mmoja mvua ilinyesha kweli kweli, maji ya mto yakaingia na rangi ya chai ya maziwa. Mkuu wa zamu akasoma karatasi iliyobandikwa ukutani tangu kiangazi, miligramu 40 kwa lita, akaamuru 80. Nikamwambia, "Mkuu, tujaribu kwanza kwenye bika, hizi bilauri za maabara." Akasema hakuna muda. Mashine yenyewe ya kukorogea ilikuwa imegeuzwa rafu ya mafaili! Kulipokucha madonge ya tope yalikuwa madogo mno, hayatui, vichujio vimeziba, pH imeporomoka, yaani maji yameelekea kwenye asidi, maana kila miligramu ya shabu hula karibu nusu miligramu ya alkaliniti, ule uwezo wa maji kuzimua asidi, na hakuna aliyekumbuka chokaa ya kuurudisha. Nikapanga bika sita za maji yaleyale, dozi kuanzia 20 hadi 80. Nikakoroga kwa kasi dakika moja, kisha polepole dakika 20, nikayaacha yatuame nusu saa. Bika ya 50 ilitakata mpaka chini. Ya 80 ilibaki na ukungu, kwa sababu shabu ikizidi inageuza chaji ya umeme ya chembe za udongo, nazo zinaanza kusukumana upya. Chini ya saa moja, Mhariri! Hao wasio na muda walitumia siku nzima kuosha vichujio.

Na manunuzi nayo. Leo inaletwa shabu ya mabonge, kesho ya maji, nguvu tofauti, karatasi ya ukutani ileile. Dozi ya 50 kwenye mita za ujazo 200 kwa saa ni kilo 10 kila saa. Nani amewahi kuikinga pampu kwa chombo na saa akahakikisha inatoa hizo?

Dawa ninayo. Maji ya chupa yapigwe marufuku kwenye vikao vya wakubwa. Jagi la mezani lijazwe kutoka tangi la kutuamishia, saa 12 asubuhi, siku ya mvua. Mwenyekiti aanze kunywa.

Fundi mitambo mstaafu