Mlemavu mwenye deni asikimbilie kufilisika

Mhariri,

Mlemavu wa kipato kidogo akizidiwa na madeni huambiwa aende mahakamani atangazwe mufilisi. Mara nyingi hatapata faida. Sheria ya Ufilisi ya Uganda ya 2011 tayari inamwachia mufilisi vifaa vyake vya kazi, mavazi na matandiko. Asiye na zaidi ya cherehani na godoro, mdai atachukua nini?

Panapoharibika ni penye dhamana. Kama cherehani hiyo, au kiwanja, imewekwa rehani, kufilisika hakumzuii mkopeshaji kuichukua. Wadhamini wa mkopo wa SACCO (chama cha akiba na mikopo) nao hawaponi: deni humgeukia shemeji aliyeweka sahihi. Na mufilisi ambaye hajaondolewa hali hiyo hawezi kuwa mbunge, jambo zito kwa anayewania kiti cha bunge kilichotengewa walemavu.

Aanze kwa karatasi moja: amemkopa nani, kiasi gani, kwa dhamana ipi. Kisha aombe mapatano na wadai. Mahakama inaweza kutoa amri ya muda ya kumkinga na wadai kwa siku 14 wakati pendekezo la mapatano hayo linaandaliwa. Asiahidi malipo yanayokula nauli ya kliniki, maana hapo ndipo mapatano huvunjika.

Msomaji, Jinja